Mabomba ya Breki Hayatiwi Kiraka



Kigali ni mji wa vilima. Ukitoka mjini kwenda Nyabugogo unateremka, na kwenye mteremko breki ndiyo roho ya dereva na abiria wake. Leo tunazungumza juu ya kazi ya wenzetu wa gereji za Gatsata, kwa sababu mabomba wanayobadilisha kwenye magari makuukuu yana ndugu zake katika pikapu ya kiwanda na lori la majani ya chai.

Tuchukue Volkswagen ya mgongo wa kobe. Nyingi za kabla ya 1967 zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama na gari zima limekosa breki. Tena kutu haili kwa nje peke yake. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na maji hayo hula chuma kutoka ndani. Kupaka rangi juu yake ni kuficha ugonjwa.

Kazi ya haki ni hii: bomba bovu litolewe lote, liwekwe jipya la chuma, au la shaba iliyochanganywa na nikeli. Mipira ya breki kwenye magurudumu ibadilishwe. Kisha upepo utolewe mpaka pedali iwe ngumu. Gundi na utepe si matengenezo.

Upande wa petroli hatari ni moto. Tangi la kobe liko mbele, injini iko nyuma. Mpira wa petroli karibu na injini hukauka kwa joto, hupasuka, na petroli hudondokea chuma chenye moto. Uwekwe mpira uliotengenezwa kwa petroli, si wa maji. Kabla ya kufungua, waya wa betri uchomolewe.

Je, tajiri akisema, "Funga utepe, gari liondoke"? Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe. Tangu 2022 umo katika mikataba ya msingi. Lakini anayekataa peke yake huitwa mkaidi. Kwa hiyo dereva na fundi waandike ubovu kwenye daftari, wamwite mwakilishi wa chama, na sote tusimame nao. Gari lisiondoke mpaka bomba jipya limefungwa.