Vijidudu vya Udongoni na Faida Zake kwa Mahindi

Watu wengi wakisikia jina la vijidudu hufikiri maradhi tu. Fikira hiyo haikosi sababu, maana viko viletavyo kipindupindu na kifua kikuu. Lakini si vyote vilivyo adui. Katika udongo tuukanyagao kila siku wamo bakteria wasioonekana kwa macho, nao humtumikia mkulima pasipo kudai ujira. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za wale wayasaidiao mahindi, hata yale mahindi matamu yaliwayo mabichi.

Mhindi una haja kubwa ya naitrojeni. Ukiikosa, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, na hindi huwa dogo. Ajabu ni kwamba hewa tuivutayo ina naitrojeni sehemu 78 katika kila 100, wala mhindi hauwezi kuitumia. Hali yake ni kama ya baharia mwenye kiu: maji yamemzunguka pande zote, na hana la kunywa.

Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kwa ushahidi kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wakaao katika vifundo vya mizizi. Kijana atakaye kuhakikisha na ang'oe mkunde taratibu, kisha apasue kifundo kimoja. Akiona wekundu ndani, na ajue kuwa kazi inaendelea.

Mahindi hayana vifundo hivyo, lakini wako bakteria wengine waishio kandokando ya mizizi yake. Huko Brazili, Bibi Johanna Döbereiner (1924–2000) aliwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1978 jamii yao ikapewa jina la azospirilamu. Bakteria hawa huupa mmea naitrojeni kidogo. Tena hutoa kichocheo kinachoifanya mizizi itawanyike na kuota vinyweleo vingi, hata mmea ukaweza kufyonza vizuri zaidi maji na mbolea iliyomo ardhini. Mtaalamu mwingine wa nchi hiyo, Mariangela Hungria, aliyeendeleza kazi ya kuwatia bakteria kwenye mbegu, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025.

Hapa yatupasa kutoa onyo. Bakteria hawa hawashiki mahali pa mbolea. Mwenye nyumba akimsadiki mchuuzi amwambiaye kwamba chupa moja yatosha, akakopa fedha kuinunua na kuacha kutia samadi, atabaki na deni na ghala tupu. Tena bakteria ni viumbe hai. Jua kali huwaua, na dawa ya ukungu iliyopakwa kwenye mbegu huweza kuwaua pia. Basi mnunuzi na aitazame tarehe ya mwisho wa matumizi, aihifadhi dawa hiyo mahali pa baridi, aipake mbegu kivulini, na aipande siku iyo hiyo.

Njia ya salama ni kujaribu kwanza. Vijana wa nyumbani na walime vipande viwili vilivyo sawa, kwa mbegu moja na samadi kiasi kimoja, ila mbegu za kipande kimoja tu zipakwe bakteria. Wakati wa mavuno wahesabu na kupima uzito. Hapo mizani itasema kweli kuliko maneno ya muuzaji.

Na asiye na fedha asikate tamaa, kwa kuwa bakteria wenye faida wamo tayari katika shamba lake, nao wataka chakula. Asichome mabua, bali ayaache yaoze. Atie samadi, na apande kunde kwa zamu na mahindi. Ardhi ni amana. Tukiwalisha watumishi wake leo, watoto wetu watarithi shamba, si jangwa.