Kinywaji cha Noeli kwa Nyumba Nzima

Noeli inapokaribia kila nyumba huanza kuhesabu. Mchele upo? Jogoo yupo? Nguo za watoto zimeshonwa? Mwisho baba huuliza, "Na wageni tutawanywesha nini?" Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Fedha iliyobaki hupelekwa kilabuni, baba na rafiki zake hukaa huko mpaka usiku, na mama hubaki nyumbani na watoto. Asubuhi walisali pamoja katika Misa, na jioni kila mtu ana sikukuu yake.

Kanisa halikukataza pombe. Bwana wetu mwenyewe aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana, na Mama yake ndiye aliyeona kwamba divai imewaishia wenyeji. Linalokatazwa ni ulevi. Lakini hebu fikiri: Noeli ni sikukuu ya Mtoto aliyezaliwa. Je, yafaa kinywaji cha sikukuu yake kiwe kile ambacho watoto hawaruhusiwi kukionja? Bibi mwenye miaka 80, mama mjamzito, mtoto aliyepokea Komunyo ya kwanza mwaka huu, jirani Mwislamu aliyekuja kukupa mkono wa sikukuu: hao wote ni wageni wako.

Basi kinywaji tunachokuonyesha leo watakinywa wote hao kutoka chungu kimoja. Ni cha ukwaju, tangawizi na nanasi. Kina ukali kidogo wa ukwaju, utamu wa nanasi na harufu ya viungo. Vitu vyake si vya kuagizwa mjini. Mwezi wa Desemba mananasi huwa mengi sokoni, na ukwaju mkavu hukaa miezi mingi bila kuharibika.

Kwa bilauri 20 hivi, tayarisha maji lita 5, ukwaju nusu kilo, sukari nusu kilo, nanasi moja kubwa, kipande cha tangawizi mbichi chenye urefu wa kiganja, ndimu 4, vijiti 2 vya mdalasini na karafuu chembe 6.

Anza kazi jioni ya mkesha, kabla ya kwenda Misa. Osha nanasi vizuri, ukilisugua ganda lake, kisha limenye. Maganda usiyatupe, kwa maana yana ladha nyingi. Yatie katika sufuria pamoja na tangawizi iliyopondwa, mdalasini, karafuu na maji lita 3. Chemsha kwa dakika 20.

Wakati huo chemsha lita 2 zilizobaki, mwagia ukwaju katika bakuli, funika, na uache nusu saa mpaka ulainike. Uponde kwa mwiko mpaka nyama yake iachane na kokwa. Chuja maji ya ukwaju, chuja na maji ya maganda, ukitumia kitambaa cheupe kilichofuliwa na kuchemshwa. Changanya yote mawili, yarudishe motoni yachemke kidogo, kisha epua. Kama nyumbani yupo mgonjwa wa kisukari, mtolee sehemu yake sasa. Halafu tia sukari na koroga mpaka iyeyuke. Onja, ukwaju ukizidi, ongeza sukari kidogo kidogo.

Hapa angalia sana, mama. Usikilaze kinywaji hiki katika ndoo ya bati, hata kama ni mpya. Ukali wa ukwaju na ndimu hula ile zinki iliyopakwa juu ya bati, nayo ikiingia katika kinywaji, wageni watatapika na kuumwa tumbo. Wala usikilaze katika sufuria ya alumini. Tumia chungu kisafi, chombo cha enameli kisichobanduka, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Plastiki isubiri mpaka kinywaji kipoe kidogo.

Huna barafu? Si neno. Kifunike chombo, kiweke katika beseni la maji penye kivuli na upepo, ukizungushie gunia lililoloweshwa, ncha zake zikigusa maji. Maji yanapokauka kutoka katika gunia huchukua joto la chombo, nacho hupoa. Chungu cha udongo hupoa vizuri zaidi.

Asubuhi ya sikukuu kata nanasi vipande vidogo kwa kisu kisafi, kamua ndimu, tia vyote ndani na koroga. Tayari.

Weka kata moja ya kutekea, na watu wasichovye bilauri zao chunguni. Mwezi wa Desemba mvua zimeanza sehemu nyingi, na maji machafu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kazi yote ya kuchemsha itakuwa bure kama mkono usionawa utaingia ndani.

Tena, kinywaji hiki ni cha siku moja. Kikibaki mpaka kesho yake, kwa joto letu, kitaanza kutoa povu. Hapo utamu unageuka kuwa pombe, na hakifai tena kwa watoto. Ni afadhali ukigawe chote jioni ile ile, hasa kwa jirani ambaye hakuwa na kitu cha sikukuu.

Nawe baba, neno moja kwako. Katika siku za sikukuu gongo huuzwa sana kwa siri, na wauzaji wengine huichanganya na methanoli, yaani kileo cha viwandani kisichofaa kunywewa. Hakuna awezaye kuitambua kwa kuonja. Mwezi wa Novemba 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Walikwenda kunywa kama siku nyingine zote. Kama unataka kunywa, kunywa kwa kiasi kile unachokijua asili yake. Lakini Noeli hii, bilauri ya kwanza inywe nyumbani kwako.

Wala usimwachie mama kazi yote. Kuponda tangawizi na kukamua ndimu hakumshushi mwanamume heshima. Wageni wakiisha kukaa, chukua kata wewe mwenyewe. Anza na wazee, halafu wageni, halafu watoto, na mama wa nyumba umpe kwa mikono miwili, maana yeye ndiye aliyesimama jikoni tangu alfajiri. Watoto wakiona hayo watajifunza kwamba furaha ya sikukuu hukaa nyumbani, na wala haikimbilii kilabuni.

Familia yako na ipate Noeli njema, na chungu kisikauke kabla mgeni wa mwisho hajanywa.