Mkono na Jina

Leo tutazame neno moja dogo, "mkono".

Kwa Kiswahili mkono hauishii kwenye vidole. Shati lina mikono, mirefu au mifupi. Mchoyo twasema ana mkono wa birika. Tena wazee walipima nguo kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Kwa hiyo Bwana Yesu aliposema kwamba hakuna ajisumbuaye awezaye kujiongeza kimo hata mkono mmoja (Mathayo 6), alinena habari za kipimo hicho, wala si kuota mkono wa tatu!

Kiebrania nacho ni vivyo hivyo. Neno lao ni yad. Ni mkono wa mwili. Tena ni nguvu, kama mkono wa Bwana ulivyowalemea watu wa Ashdodi. Tena ni kando ya mto. Lakini yad ni nguzo ya ukumbusho pia, na hapa ndipo tungependa kukaa kidogo. Absalomu alijisimamishia nguzo kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulidumisha jina lake (2 Samweli 18:18). Kwa Kiebrania yaitwa "mkono wa Absalomu". (Sura ya 14 yasema alizaliwa wana watatu; wengi hudhani walikufa wangali wadogo.)

Hofu hiyo twaijua. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na katika makabila yetu mengi mtoto hupewa jina la babu ili babu asisahauliwe. Basi yule asiyejaliwa mtoto aitwe nani? Wako wake waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo, na waume wanaochekwa na rika zao. Twaketi nao kanisani kila Jumapili. Siku ya ubatizo wa watoto wachanga, wengine wao hutazama chini.

Sasa fungueni Isaya 56. Towashi hakuweza kuzaa, na torati ilimzuia asiingie katika mkutano wa Bwana (Kumbukumbu la Torati 23). Alijiona kama mti uliokauka. Je, Mungu amwahidi mtoto? La. Amwahidi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, yad vashem, yaani "mkono na jina", kitu kipitacho watoto wa kiume na wa kike. Wayahudi waliyachukua maneno hayo mwaka 1953 kuwa jina la ukumbusho wao kule Yerusalemu, wa wenzao milioni 6 waliouawa, ambao wengi hawakuachiwa hata ndugu mmoja wa kuwataja.

Absalomu alijijengea mkono wake. Towashi apewa wake na Mungu.

Yule towashi wa Kushi aliyekuwa garini (Matendo 8) alikuwa akisoma chuo hicho hicho cha Isaya, mahali tunapopaita sura ya 53, Filipo alipomfikia. Angalikikunjua mbele kidogo tu, angaliikuta ahadi yake mwenyewe.