Injini inazeeka kwa saa, si kwa kilometa peke yake



Katika kikao kimoja cha baraza, si mbali na Kalemie, sefu wa kijiji alisimama akauliza swali ambalo sisi watu wa mashirika hatukuwa na jibu lake tayari. Alisema: «Gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya lililetwa likiwa jipya. Leo, baada ya miaka miwili, dereva anatuambia limetembea kilometa 38,000 tu, na injini imechoka, inatoa moshi, inakula oili. Magari ya wafanyabiashara yametembea kilometa 200,000 na zaidi, na bado yanabeba mihogo. Hili letu limeliwa na nani?»

Neno «limeliwa» si neno dogo kwetu. Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipoenea sehemu nyingi za jimbo la Tanganyika miaka ya 2016 na 2017, kuna vijiji na kambi ambamo watu waliokimbia na wenyeji waliowapokea wanatumia kituo kimoja cha afya, pompi moja ya maji na mashine moja ya kusaga. Kitu cha wote kinapokufa, watu hutafuta mwizi kwanza. Wakishamtaja, wanauliza ni wa upande gani. Kwa hiyo, tumeona ni vizuri kueleza jambo ambalo mafundi wengi wanalijua lakini komite nyingi hazikuelezwa kamwe: namna ya kuhesabu umri wa injini.

Mita ya kilometa inahesabu nini

Mita ya kilometa iliyo mbele ya dereva inahesabu mzunguko wa magurudumu. Haiangalii injini. Gurudumu likisimama, mita nayo inasimama, hata kama injini inaendelea kuwaka saa tatu nzima chini ya mwembe.

Chukua magari mawili ya aina moja. La kwanza linafanya kazi kwenye lami kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, kwa mwendo wa wastani wa kilometa 60 kwa saa. Likifika kilometa 5,000, injini imefanya kazi saa 83 hivi. La pili liko kwenye barabara zetu za udongo, zenye mashimo, madaraja ya miti na matope ya mvua. Wastani wake ni kilometa 15 kwa saa, na kuna siku haufiki hapo. Likifika kilometa 5,000 hizo hizo, injini imefanya kazi saa 333. Ni mara nne. Mita zinaonyesha namba moja, lakini injini ya pili imezunguka muda mrefu zaidi, tena kwa gia ya kwanza na ya pili, ambapo inazunguka kwa nguvu na gari halisogei sana.

Sasa turudi kwa gari la sefu. Kilometa 38,000 kwa mwendo wa 15 ni saa 2,500 na kitu. Lakini hizo ni saa za safari tu. Tulipokaa na dereva, alieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: betri ilikuwa imechoka tangu mwaka wa kwanza, na aliogopa kuzima injini akiwa mbali na watu wa kusukuma. Akimsubiri mgonjwa, injini inawaka. Akisubiri muuguzi amalize kuandika, injini inawaka. Alikadiria saa mbili kila siku ya kazi. Kwa siku 600 hivi, ni saa 1,200 ambazo mita ya kilometa haikuziona hata moja.

Jumla ni karibu saa 3,700. Kama injini hiyo ingefanya saa hizo kwenye lami kwa mwendo wa 60, mita ingesoma kilometa 222,000. Hilo ndilo jibu la swali la sefu. Gari lake ni mzee kama yale ya wafanyabiashara, ila uzee wake hauonekani kwenye mita. Na betri mpya ingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kutengeneza injini.

Kwa nini oili ndiyo inayolipa

Oili inafanya kazi tatu ndani ya injini. Inazuia chuma kisisuguane na chuma, inapunguza joto mahali ambapo maji hayafiki, na inabeba uchafu: masizi, unga mdogo wa chuma, na asidi inayotokana na mazutu yenye salfa nyingi. Ikishabeba uchafu mpaka mwisho wa uwezo wake, haiwezi tena kazi zile mbili za kwanza. Filta inashika sehemu ya uchafu, kisha nayo inajaa.

Injini inayowaka bila gari kutembea inaharibu oili kwa namna yake. Watu wengi hufikiri kwamba injini ikinguruma polepole inapumzika. Sivyo. Haipati joto la kutosha, mazutu haichomeki yote, na sehemu yake inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia ndani ya oili. Pompi ya oili nayo inasukuma kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa magari huhesabu saa moja ya kunguruma bila kwenda kuwa sawa na kilometa 40 hadi 50 za safari.

Mafundi wengi wa injini za dizeli za magari hubadilisha oili kila saa 250 hivi. Ukiwa na wastani wa kilometa 20 kwa saa, saa 250 ni kilometa 5,000 kamili, basi ile desturi ya kilometa 5,000 inafaa. Ukiwa na wastani wa 15, ni kilometa 3,750. Na kama gari linasimama sana likiwa linawaka, shuka hadi 3,000, usione haya mbele ya mtu wa hesabu wa shirika atakayesema unapoteza oili. Gari la sefu lilibadilishiwa oili mara 7 kwa saa zile 3,700, yaani kila saa 530 hivi. Dereva alifuata maagizo aliyopewa, neno kwa neno. Maagizo ndiyo yalikuwa ya barabara nyingine.

Mashine ambayo haina kilometa

Habari ya gari ilituuma, lakini ile ya mashine ya kusaga ilikaribia kumwaga damu.

Mwaka 2023 shirika letu lilikabidhi mashine ya kusaga kwa komite ya watu wanane, nusu kutoka kambi ya waliokimbia, nusu wenyeji. Injini ilikuwa dizeli ya silinda moja, ya kupozwa kwa maji, aina ile mnayoiona kila mahali. Akina mama hawakulazimika tena kutwanga mihogo usiku ili watoto wapate bukari. Mashine ilifunguliwa siku sita kwa juma, saa tisa kila siku.

Baada ya miezi mitano injini ilijifunga, haikuzunguka tena. Mwendesha mashine alikuwa kijana wa kambini. Jioni hiyo hiyo ilisemwa kijijini kwamba anauza mazutu usiku na kuichanganya na maji. Kesho yake ilisemwa kambini kwamba wenyeji wametia mchanga ndani ya injini ili mashine irudi kwao. Vijana wa pande zote mbili walilala nje na fimbo. Prezida wa komite, mama mmoja mwenye sauti ndogo lakini anayesikilizwa, alifunga mlango wa mashine na kutuita.

Fundi aliyekuja na sisi alifungua injini mbele ya watu wote. Hakukuta mchanga wala maji. Alikuta oili nyeusi, nzito kama lami, na vyuma vilivyoungua kwa kukosa oili safi. Akauliza: oili mlibadilisha lini? Wakajibu: mara moja, baada ya miezi mitatu, kama tulivyoagizwa.

Kweli tuliwaagiza hivyo. Mwenzetu mmoja, dereva mzuri sana, aliwaambia wafanye kama gari linalokaa mjini: kila miezi mitatu. Sasa tupige hesabu. Saa tisa kwa siku sita ni saa 54 kwa juma. Miezi mitatu ni majuma 13, yaani saa 700 na kidogo. Kitabu cha injini kilisema saa 100. Lakini kitabu kiliandikwa Kichina na Kiingereza, na kilibaki ndani ya boksi kwenye ofisi yetu. Mtu akituuliza nani aliyeua mashine ile, hilo ndilo jibu, na tulilitamka hivyo mbele ya baraza. Si jambo tamu kulisema.

Uvumi wa mazutu ulibaki. Injini mpya ilipowekwa, tulipima siku tatu mfululizo: ilitumia lita 2 kwa saa, yaani bido moja ya lita 20 kwa saa 10. Injini ya kwanza iliishi majuma 22, sawa na saa 1,188. Kwa kipimo hicho ilihitaji bido 119. Risiti za komite zilionyesha bido 121. Bido mbili kwa miezi mitano, ukiweka inayomwagika wakati wa kujaza, si wizi. Wengi walikubali. Wachache hawakukubali hadi leo, na kijana yule alikwisha kuondoka kambini kabla hesabu haijasomwa.

Namna ya kuhesabu bila mita ya saa

Injini nyingine zina mita ndogo ya saa, nyingi hazina, na zilizo nayo mara nyingi mita imekufa kabla ya injini. Msisubiri mita. Kaye ya shule na kalamu vinatosha. Kila siku andika tarehe, muda wa kuwasha, muda wa kuzima, jumla ya saa za siku, na jumla tangu oili ilipobadilishwa. Muda utoke kwenye simu ya mtu mmoja anayejulikana.

Hapo kuna mtego tuliouona kwa macho. Mwandishi mmoja aliandika «2» akimaanisha saa mbili asubuhi ya Kiswahili. Mwenzake wa zamu ya mchana aliandika «14», akisoma simu yake. Siku hiyo kwenye kaye mashine ilifanya kazi saa 12! Chagueni namna moja, iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza.

Anayeshindwa kufuata muda ahesabu bido. Kwa mashine ile, bido 10 ni saa 100, basi bido ya kumi ikiisha, oili inabadilishwa. Lakini pimeni injini yenu wenyewe kwanza, kwa sababu kubwa na ndogo hazinywi sawa. Jenereta ndogo ya esansi huhitaji oili mpya kila saa 100 hivi pia, hata kama inawashwa tu kuchaji simu na kuonyesha mpira, na pompi ya maji vilevile. Mafuta ya injini mpya kabisa hubadilishwa mapema zaidi, baada ya saa 20 hadi 50 za kwanza, kwa sababu vyuma vipya vinasuguana na kuacha unga. Kitabu cha injini yenu ndicho chenye neno la mwisho. Ombeni kitafsiriwe siku ya kukabidhiwa mashine, msikubali kutia sahihi kabla ya hapo.

Filta ya hewa ni habari nyingine: kwenye mashine ya kusaga haingoji saa 100. Unga unaoruka ndani ya nyumba ile unaingia humo kila siku, na isafishwe kila siku.

Kilometa nazo zina kazi yake. Matairi, breki, springi na amortisera huchakaa kwa njia iliyopitwa, basi hivyo vifuateni kwa kilometa. Dereva wa gari la wagonjwa anahitaji kuandika vyote viwili.

Kaye ya mashine ile inashikwa na watu wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa kijijini, na inasomwa kwa sauti kila Jumamosi: saa za juma, bido zilizonunuliwa, meka zilizosagwa, pesa zilizoingia. Mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa imefika saa 1,460. Oili ilikuwa imebadilishwa mara 15, ya kwanza kwenye saa 50. Kando ya mara ya kumi na moja mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba walichelewa saa 6, na chini yake kuna sahihi mbili.