Mamba wa Maji ya Chumvi, na Mama Aendaye Mtoni

Kutoka mji wa Cairns, kaskazini mwa Queensland nchini Australia, wageni huvuka bahari hadi Green Island, kisiwa kidogo cha matumbawe. Huko ndiko alikowekwa Cassius, mamba dume aliyenaswa mwaka 1984 katika Mto Finniss na kuhamishiwa kisiwani mwaka 1987. Alikuwa na urefu wa mita 5.48. Ni Lolong wa Ufilipino, mwenye mita 6.17, aliyempokonya sifa ya mamba mkubwa kupita wote wanaofugwa. Naye Lolong alipokufa Februari 2013, sifa hiyo ikamrudia Cassius hadi kifo chake Novemba 2024.

Wengi wetu tulimwona mamba kwa mara ya kwanza Mamba Village, Nyali, tumeshikwa mkono na wazazi. Yule ni mamba wa Mto Nile, ndugu wa hawa walioko Tana na Sabaki. Mamba wa maji ya chumvi ndiye mtambaazi mkubwa kuliko wote walio hai. Dume lake huweza kupita kilo 1,000. Ulimini mwake mna tezi za kutoa chumvi, ndiyo maana huweza kukaa baharini siku nyingi. Tezi hizo mamba wetu pia anazo, basi asishangae mtu akimkuta karibu na mlango wa mto.

Kinachotugusa zaidi ni ulezi wake. Jike hutaga ndani ya chungu ya majani na udongo, na joto la kiota ndilo liamualo kama atazaliwa dume au jike. Watoto wakianza kulia mayaini, mama hufukua na kuwabeba kinywani hadi majini. Kinywa hicho hicho! Watafiti walitangaza mwaka 2012 kwamba ung'ataji wa mamba huyu ulikuwa na nguvu kuliko wa mnyama yeyote hai aliyewahi kupimwa.

Kwa familia zetu zinazosafiri huko, neno moja la chakula: Australia nyama ya mamba huliwa, na baadhi ya mikahawa huiuza. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi haituhusu. Tuulize kabla ya kuagiza.

Watoto hufurahia kuona kuku akining'inizwa na mamba kuruka. Sisi tungependa wayatazame zaidi maji kabla ya mruko ule: yametulia kabisa, na jitu la mita tano halionekani. Hivyo ndivyo anavyowinda mtoni, na humsoma mwenye mazoea ya kurudi pale pale. Huko kaskazini mwa Australia watu huusiwa wakae angalau mita 5 kutoka ukingoni, wala wasipare samaki hapo.

Wasia mzuri, ila ni wa watu wenye mfereji nyumbani. Mama wa kando ya Tana mwenye ndoo na nguo za kufua atakaaje mita 5 na maji anayoyahitaji? Afadhali tutazame Sri Lanka, kwenye Mto Nilwala waliko mamba hawa hawa wa chumvi. Wenyeji husimika nguzo ndani ya maji, wakazungushia ua pale wanapooga na kufua. Nguzo na fundi tunao. Halmashauri za vijiji vya Tana na Sabaki zingeanza na vile vituo ambako wasichana hutumwa maji peke yao alfajiri.