Njia ya Leta namba 1: ilitoka wapi, na sisi wakulima wa Annexe tunaitumia namna gani?



Kila siku tunaona makamyo yakipita, mengine yanapeleka shaba Kasumbalesa, mengine yanaingiza unga na mbolea. Njia ile wengi wanaiita tu « goudron ». Jina lake kwa Leta ni Route Nationale 1, au RN1. Ni vizuri mkulima aijue, kwa sababu bei ya muhindi na ya mboga inatembea juu yake.

Njia inapita wapi?

RN1 inaanzia Banana, kwenye bahari, inapita Matadi, Kinshasa, Kikwit, Tshikapa, Kananga na Mbuji-Mayi, kisha inashuka kwetu Katanga. Inafika Likasi, halafu Lubumbashi, na inaishia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Yote inapita kilometre 3,000. Kipande chetu ni kidogo: Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilometre 120, na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama 90. Lakini ndicho kipande chenye makamyo mengi sana. Na kwa vile Annexe inazunguka mji kama mukaba, ukitoka mjini kwenda Likasi ao kwenda mpakani, unapita kwetu.

Ilianza namna gani?

Mbele ya goudron kulikuwa reli. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka wa 1910, mwaka ule ule mji wa Elisabethville ulizaliwa. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilitaka kutosha shaba na kulisha wafanyakazi wake. Unga mwingi ulitoka Rhodesia kwa reli. Kwa upande wa vijiji, amri ya 1917 ililazimisha watu kulima mazao ambayo Leta ya wakoloni ilichagua. Njia za gari zilikuja nyuma, nyingi zikifuata reli.

Kwa hiyo tuelewe jambo hili: njia hii haikufikiriwa kwa ajili ya mkulima. Ilifikiriwa kutosha madini na kuingiza chakula. Ndiyo maana mpaka leo inaunganisha mgodi na mpaka vizuri kuliko inavyounganisha shamba na soko.

Wakati wa vita ya Katanga watu waliona nguvu yake. Mwezi wa tisa 1961, askari wa Irlande wa ONU walizungukwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Mwanzo wa 1963, majeshi ya Katanga yalivunja madaraja ya Lufira yakirudi nyuma. Daraja moja likianguka, miji miwili inatengana.

Kwa nini makamyo yameongezeka?

Katika miaka ya 1980, Gécamines ilitosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka, na sehemu kubwa ilienda kwa reli. Miaka ya 1990 kampuni ilianguka, na reli nayo ikachoka. Kisha Code minier ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya. Shaba ilirudi, lakini reli haikuwa tena na nguvu ya kuibeba. Mzigo ukapanda juu ya goudron.

Sisi tunapata nini, tunapoteza nini?

Tunapata mbegu, mbolea na wanunuzi. Lakini tukitegemea mpaka tu, tuko hatarini. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache juu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Mwaka ule ule ukame ulikausha muhindi kwao. Njia ikifungwa ao Zambia ikikataza muhindi kutoka, bei ya unga inapanda Lubumbashi, na bukari inakuwa kazi kuipata. Hapo koperative yenye muhindi mkavu kwenye depo inaweza kuuza vizuri. Ile iliyouza yote kwenye mavuno, kwa bei ya chini, inaangalia tu, na kesho inanunua unga kwa bei ya juu.

Nani anatengeneza nini?

Wengi wanauliza kwa nini goudron inatengenezwa na njia ya shamba haitengenezwi. Jibu ni kwamba njia hizi haziko mikononi mwa watu wamoja.

- RN1 iko chini ya Office des Routes.
- Pesa ya matengenezo inapitia FONER, iliyowekwa na sheria ya 2008. Inatoka kwenye peaje na kwenye mafuta ya gari. Kwa hiyo hata mkulima analipa, kwa sababu bei ya kubeba mizigo yake imebeba pesa ile.
- Njia za kutoka shambani zinaitwa « desserte agricole ». Zinaangaliwa na upande wa maendeleo ya vijijini.

Kwa njia za desserte kunaweza kuwa CLER, maana yake komite ya mahali ya kutunza njia. Koperative inaweza kuomba kuwa na watu ndani yake.

Tufanye nini mbele ya mvua?

Mvua yetu inaanza kama mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo mwezi wa kumi:

1. Tembeeni njia yote kutoka shamba mpaka goudron, muandike kila mahali mayi inasimama.
2. Safisheni mifereji na mufungue njia ya mayi. Mayi ndiyo inaua njia, kuliko hata kamyo.
3. Jazeni mashimo kwa mawe na kokoto, siyo kwa udongo mtupu.
4. Pelekeni barua kwa chef wa quartier na kwa commune, mukionyesha kazi mliyofanya na ile inayowashinda, kama daraja ao buse. Mushike kopi yenye muhuri.

Wazee wanakumbuka salongo. Wengi waliichukia kwa sababu ililazimishwa. Hii ni tofauti: kama lengalenga na nyanya zinafika sokoni mbele ya jua kali, faida inarudi kwa mwenye kushika jembe.