Nani alimpima rubani?

Wamama, huko Walikale tumezoea kuona ndege ikitua barabarani pale Kilambo, nasi tunahesabu magunia tu. Rubani alipata leseni namna gani? Pakistani walijiuliza hivyo mwaka 2020: waziri alitaja marubani 262, kati ya 860, wenye leseni za mashaka. Wengine walifanyiwa mtihani na watu wengine. Mimi mwalimu, mchezo huo naujua! Ulaya ikaifungia anga kampuni yao ya taifa hadi 2024. Kampuni zetu za Congo zimefungiwa huko tangu 2006, kwani usimamizi wa Kinshasa hautoshi. Na hatari si ya abiria peke yao. Ndege ilipoanguka Birere, Goma, tarehe 15 Aprili 2008, wengi waliokufa walikuwa chini, kwenye soko.